Milimita Sita Chini ya Kebini

Kebini, yaani chumba cha dereva, niliipata Njoro, kama kilomita 20 kutoka mjini Nakuru, kwa muuzaji wa chuma chakavu ambaye tayari alikuwa ameichora mistari ya chaki mahali ambapo angeikata asubuhi iliyofuata. Ilikuwa ya pikapu ya Chevrolet, ya mtindo uliotengenezwa kati ya 1947 na 1955, na kioo chake cha mbele kilichogawanyika vipande viwili kilinionyesha kwamba ilitoka kiwandani kabla ya 1954, kwa kuwa mwaka huo magari hayo yalianza kupewa kioo kimoja kizima. Usukani ulikuwa upande wa kulia. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ungeweza kupenyeza kidole, na injini haikuwapo, lakini kebini, boneti, madigadi manne na pande mbili za bodi ya mizigo zilikuwa nzima vya kutosha kunifanya nishindwe kuondoka. Nilivinunua vyote kwa kilo, kwa bei ya chuma, nikavileta Nakuru jioni hiyohiyo juu ya kenta ya rafiki yangu.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Kwa miaka 19 nimefunga alternata (zinazochaji betri), starta na nyaya za kila aina katika eneo la viwanda la Nakuru, lakini kazi ya bodi sikuijua, na naandika haya kwa sababu nilipoanza sikumpata mtu aliyeeleza kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, jinsi kebini na bodi zinavyokalishwa juu ya chesisi ambayo hazikutengenezewa. Niliyoyajua mwishoni niliyajua kwa kufanya kazi mara mbili, na mahali pengine mara tatu.

Magari ya namna hii Wamarekani huyaita hotirodi. Mtindo ulianzia California kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ambapo vijana walinunua Ford zilizochakaa, wakazivua madigadi na kila kisichohitajika ili ziwe nyepesi, kisha wakaenda kuzishindanisha kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc. Injini ya V8, yaani ya silinda nane, ambayo Ford iliileta mwaka 1932 katika gari la bei nafuu ndiyo iliyoupa mchezo huo nguvu. Siku hizi huko kuna kampuni zinazouza gari likiwa vipande: chesisi mpya, kebini ya faibaglasi iliyofinyangwa kwa umbo la pikapu ya miaka ya 1930, bodi ya mizigo, na kitabu cha maelezo, naye mnunuzi hutafuta injini na kuunganisha nyumbani kwake. Mimi sikuwa na seti ya namna hiyo, ila kazi ya kukalisha kebini na bodi ni ileile, kwani hata mwenye seti hujikuta siku nyingi akilegeza bolti, akiongeza washa (visahani vya chuma vyenye tundu la bolti) na kupima mapengo ya milango.

Chesisi yangu ilitoka kwa Toyota Hilux ya dizeli ambayo kebini yake ilipondwa na mkaratusi uliong'oka wakati gari likiwa limeegeshwa. Injini, giaboksi, breki na springi zilikuwa katika hali njema. Tulipoiweka sakafuni na kuvuta utepe, umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma ulikuwa milimita 2,850. Chevrolet ilitengenezewa inchi 116, yaani milimita 2,946. Tofauti ni milimita 96, upana wa kiganja changu, na kiganja hicho kimoja ndicho kilichoamua mambo mengi yaliyofuata.

Mafundi wawili walinishauri tuikate chesisi katikati na kuirefusha. Inawezekana, na malori mengi yamerefushwa hivyo, lakini kiungo cha chesisi kinataka chuma cha daraja linalofaa, maandalizi ya kingo, viraka vya kuimarisha na mchomeleaji ambaye ungemkabidhi maisha ya watoto wako. Mimi nilikuwa na gari ambalo lingebeba viazi vya mke wangu kutoka Mau Narok hadi soko la Wakulima, likipita juu ya matuta na mashimo kila wiki, na sikutaka chini yake kuwe na kiungo nilichokilazimisha kwa ajili ya umbo. Chesisi ikabaki kama ilivyotoka kiwandani, na zile milimita 96 tukaamua kuzitoa kwenye bodi ya mizigo, mbele ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo jicho halizitambui kwa urahisi. Uamuzi huo sijaujutia hata siku moja.

Watu wengi hudhani kwamba kebini huwekwa pale inapoonekana nzuri, halafu vingine vinafuata. Kwa gari hili mwamuzi alikuwa madigadi ya mbele. Gurudumu lazima likae katikati ya upinde wa madigadi, madigadi hushikana na kebini, kwa hiyo kebini haina uhuru wa kwenda mbele wala nyuma. Tulifunga madigadi na boneti kwenye kebini tukiwa bado tumeining'iniza kwa winchi ya mnyororo, tukaishusha kidogo kidogo hadi kitovu cha gurudumu kikalingana na kitovu cha upinde pande zote mbili, tukatia alama. Ndipo tulipoona kwamba ukuta unaotenganisha injini na dereva ungegusa kichwa cha injini, tukaukata na kuujenga upya ukiwa umerudi ndani milimita 70. Mtu akianza kwa kukata ukuta huo kabla ya kujua kebini itakaa wapi, atakata mahali pasipo pake.

Kabla ya kukata chochote tulichomelea vyuma vya msalaba ndani ya nafasi za milango, kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma, ili kebini isifunguke wala kujikunja sakafu yake mbovu ikiondolewa. Hilo nilikuwa nimeambiwa mapema, na ninamshukuru aliyeniambia. Jambo jingine tulilolifanya vizuri ni kuiacha chesisi isimame kwa magurudumu yake, ikiwa na injini, giaboksi, betri na tangi lenye dizeli, badala ya kuiweka juu ya stendi. Chesisi ikishikiliwa kwenye ncha zake hulegea katikati, ikishikiliwa katikati hulegea kwenye ncha, na vipimo utakavyovichukua hapo havitakuwa vya gari litakalotembea barabarani.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mabano ya kebini ya Hilux hayakulingana na sakafu ya Chevrolet, kwa hiyo tulitengeneza mengine manne, mikono ya chuma inayotokeza kutoka ubavuni mwa chesisi, kila mmoja na tundu la kupokea bolti na raba zake mbili, moja juu na moja chini. Tuliyashika kwa nukta chache za kuchomelea, tukaweka pimamaji, tukapima kona kwa kona: kutoka bano la mbele kulia hadi la nyuma kushoto, kisha la mbele kushoto hadi la nyuma kulia. Vipimo vilitofautiana kwa milimita 2 tu. Nilifurahi, nikaona kazi imekwisha, nikawaacha vijana wamalizie kuchomelea Ijumaa jioni wakati mimi naenda kuhudumia lori lililokwama Lanet.

Jumamosi tukashusha kebini, tukatia raba, tukakaza bolti zote nne hadi zikagoma. Tulipotundika milango, wa kulia ulifunga kwa mlio mmoja mzito wa kupendeza, lakini wa kushoto ulikwaruza nguzo ya nyuma kwa chini, huku juu ukiacha pengo ambalo kidole kiliingia. Tulitumia siku tatu kuutafutia tiba. Tulisogeza bawaba mbele na nyuma, juu na chini, tukabadilisha kitasa, siku ya tatu fundi wa bodi akaukunja ukingo wa mlango kwa nyundo na gogo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu ukingo ule ulikuwa umekaa miaka zaidi ya 60 bila dosari na sasa una alama ambayo praima, rangi ya kwanza ya chini, haikuweza kuificha.

Jumanne mchana alikuja mzee mmoja ambaye lori lake lilikuwa halichaji betri. Ni mtu aliyejenga bodi za malori hapa Nakuru tangu nikiwa mtoto, bodi za mbao na za chuma za kubebea mahindi, mawe na ng'ombe. Nilipokuwa nikitoa alternata yake, yeye alisimama mbele ya pikapu yetu, akafungua na kufunga ule mlango mara mbili bila kutumia nguvu, akainama kuchungulia chini.

"Mwanangu," akaniambia, "mlango huu uacheni kabisa. Legezeni bolti za kebini, zote nne, lakini msizitoe."

Tukazilegeza. Kwenye kona tatu hakuna kilichobadilika. Kwenye kona ya nyuma kushoto kebini iliinuka yenyewe polepole, kama mtu anayenyoosha mgongo baada ya kushusha mzigo, na chini ya raba kukatokea mwanga. Mzee aliomba vipande vya bati, akavipenyeza kimoja baada ya kingine hadi nafasi ikajaa, akavitoa na kunikabidhi nivipime. Vilikuwa milimita 6. Akaniambia nifunge mlango, na mlango wa kushoto ukafunga, isipokuwa pale kwenye ukingo tulioukunja wenyewe kwa nyundo.

Sikuelewa, kwa kuwa vipimo vyangu vya kona kwa kona vilikuwa sawa. Mzee alimtuma kijana kwenye lori lake akaleta mbao mbili nyembamba, zilizonyooka sana, ambazo alikuwa amezipaka rangi nyeupe kwenye ukingo mmoja. Baada ya kuivuta kebini juu kwa winchi, aliilaza moja juu ya mabano mawili ya mbele na nyingine juu ya mabano mawili ya nyuma, akarudi hatua chache, akachuchumaa na kufumba jicho moja. Kisha akanipisha nami nitazame. Ukingo mweupe wa ubao wa nyuma ulikuwa umeinama upande wa kushoto dhidi ya ule wa mbele, na mara nilipouona sikuweza tena kutouona. Seremala hutumia njia hiyohiyo kujua kama ubao umejipinda. Kupima kona kwa kona hukuambia kama umbo lina pembe sawa ukilitazama kutoka juu. Hakukuambii kama kona moja imezama. Karatasi iliyokunjwa kidogo kwenye kona moja bado ina pande zilezile.

Akahamisha mbao zake kwenye chesisi yenyewe, na huko zikalingana. Kwa hiyo chesisi ilikuwa nzima. Lililozama lilikuwa bano letu, nasi ndio tuliolizamisha. Chuma kilichoyeyushwa hunywea kinapopoa, na kikinywea huvuta vilivyo jirani. Vijana walikuwa wamechomelea sehemu ya chini ya bano lile kwa mkupuo mmoja mrefu, wakaacha sehemu ya juu kwa baadaye, na joto hilo la upande mmoja likalivuta bano zima kuelekea chini. Mabano mengine yalipata bahati ya kuchomelewa kwa zamu, juu kidogo, chini kidogo. Siwalaumu vijana, kwa sababu sikuwa nimewaambia, na sikuwa nimewaambia kwa sababu sikujua. Ilitosha kuchomelea vipande vifupi kwa kupokezana pande, kuacha chuma kipoe, na kupima tena baada ya kazi badala ya kuamini vipimo vya kabla yake.

Lakini jambo ambalo nimelibeba zaidi kutoka siku ile ni lile la bolti. Bolti ya kebini ina nguvu nyingi mno. Ikikuta nafasi ya milimita 6 chini ya raba, haitakuambia kwamba kuna nafasi. Itaivuta kebini hadi iizibe, na kebini ikivutwa kwenye kona moja hujipinda yote, nawe utaona matokeo mahali tofauti kabisa, kwenye mlango au kwenye kona ya kioo. Siku hizi kebini yoyote inapokaa juu ya mabano yake kwa uzito wake tu, kabla ya bolti kuingia, ninapita kila kona na kipande cha bati chembamba. Kikipenya mahali, naongeza washa au kipande cha chuma hadi kisipenye. Bolti kazi yake ni kushikilia kitu ambacho tayari kimekaa.

Waliobuni Chevrolet hii walilijua hilo. Chini ya kebini, nyuma, tulikuta mabaki ya viungo vyenye bawaba ambavyo viliiruhusu kebini kucheza wakati chesisi inajikunja njiani. Mwanzoni niliviona kama vyuma vya kizamani visivyo na maana, nikavitupa kando. Nilipokwisha kuelewa nilivitafuta, nikavisafisha, na sasa viko juu ya rafu gerejini. Raba za kisasa hufanya kazi hiyohiyo mradi zisisagwe. Ndani ya kila raba huwa kuna kijibomba cha chuma ambacho bolti hupita ndani yake, na wengi hukiacha wakidhani ni takataka ya kiwandani. Hicho ndicho kinachoizuia bolti kuiponda raba. Bila hicho, kadiri unavyokaza ndivyo raba inavyogeuka kuwa ngumu kama ubao, na baada ya miezi michache inapasuka na bolti inaanza kucheza.

Bano lenyewe sikulikata. Mzee alisema milimita 6 ni kazi ya kipande cha chuma, na zingekuwa 15 angeniambia nikate. Nilikata vipande viwili vya milimita 3, nikavitoboa, nikavipaka rangi na kuviweka chini ya raba.

Bodi ya mizigo nilidhani itakuwa rahisi. Tulizikata pande zake milimita 96 mbele ya gurudumu, tukatoboa matundu mapya ya ubao wa mbele ambao hufungwa kwa bolti, na kuiweka mahali pake. Kati ya mgongo wa kebini na ubao wa mbele wa bodi niliacha milimita 12, kwa kuwa nilikuwa nimeona picha nyingi za hotirodi ambazo mstari huo ni mwembamba na umenyooka kama umechorwa kwa kalamu, na nikaupenda. Bodi ilifungwa kwa bolti nane, chuma juu ya chuma.

Safari ya kwanza yenye mzigo ilikuwa ya magunia 14 ya viazi ya kilo 50, kutoka Mau Narok. Tulipokuwa tukishuka kuelekea Njoro, kila gurudumu moja lilipoingia shimoni peke yake, nilisikia nyuma yangu mgongano mdogo, kavu, kama mtu anayegonga mlango kwa funguo. Nilipofika nilikuta rangi imebanduka kwenye mgongo wa kebini, upande wa kushoto, mahali ambapo kona ya juu ya bodi ilikuwa ikiugusa. Gari lilikuwa na rangi mpya ya wiki mbili.

Safari hii sikungoja. Nilikwenda kwenye uwanja wa yule mzee, nikamkuta chini ya lori, akanionyesha kitu ambacho nimekipita barabarani maisha yangu yote bila kukitazama. Bodi ya lori haikai juu ya chesisi moja kwa moja. Kati yake kuna ubao mrefu wa mti mgumu au utepe wa raba. Nyuma bodi imefungwa kwa nguvu, lakini mbele, karibu na kebini, bolti zake zina springi, ili chesisi ikijikunja bodi iweze kunyanyuka kidogo na kurudi. Kebini inajikunja kwa njia yake, bodi kwa njia yake, na chesisi iliyo chini yao inajikunja kuliko zote mbili. "Wewe umezifunga kama nyumba," akaniambia. "Nyumba haitembei."

Jioni hiyo tulifanya jaribio ambalo ningependa kila anayejenga gari la namna hii alifanye kabla ya kupaka rangi. Tuliyarudisha magunia garini, tukaweka jeki chini ya gurudumu la mbele la kulia tu, tukaliinua milimita 250 kutoka sakafuni, huku kijana mmoja akipima pengo la nyuma ya kebini katika kona nne. Chini kabisa, karibu na chesisi, pengo halikubadilika hata kwa milimita 3. Juu lilipungua kwa milimita 11 upande mmoja na kuongezeka upande wa pili. Kwa hiyo zile milimita 12 zangu zilikuwa zimebaki 1, gari likiwa limesimama tuli gerejini. Barabarani, kwa kishindo, hazikubaki kabisa. Mstari mwembamba wa kwenye picha ni wa gari linalokwenda kwenye maonyesho na kurudi.

Tulikata pande za bodi milimita 18 nyingine ili pengo liwe 30. Tulizitoa bolti zote nane, tukaweka raba nene chini ya bodi, nne za nyuma tukazikaza kabisa na nne za mbele tukazipa springi kama za lori. Matundu mapya tuliyatoboa kwenye ubavu wa wima wa chesisi, kamwe si upande wa juu wala wa chini, kwa maana sehemu hizo mbili ndizo zinazobeba mvuto na mkandamizo mkubwa kuliko zote gari linapopakiwa, na tundu au kovu la kuchomelea hapo ndipo ufa huanzia. Kona za juu za bodi zilizogusa kebini tulizikunja zikawa na mviringo. Macho yangu yalichukua kama wiki moja kulizoea pengo lile pana. Sasa ninapoona pikapu ya kale ambayo pengo lake halipitishi kidole, huwa nawaza tu iwapo imewahi kupakiwa.

Sakafu ya bodi ilinipa furaha kuliko sehemu nyingine yoyote, na ninajizuia nisiiandike kwa kurasa nyingi. Chevrolet hizi zilikuwa na sakafu ya mbao zilizotenganishwa na kanda za chuma, na ubora wa ubunifu huo ni kwamba bolti hazipiti ndani ya mbao. Hupita katika kanda ya chuma, ndani ya nafasi iliyo kati ya ubao na ubao, na ukingo wa kanda ndio unaozibana mbao pande zote mbili. Nilitafuta mvule, mti ambao mafundi wa mashua wa Kisumu wameuamini kwa miaka mingi, nikaupata hukohuko Kisumu kwa muuza mbao. Seremala alitaka kuzibananisha mbao zigusane ili zipendeze. Nilimwomba aache milimita 6 kati ya kila mbili, kwa kuwa mbao zile zilikuwa bado hazijazoea hewa ya Nakuru, na kwa kuwa mvua za Aprili zingezivimbisha tena. Tulizipaka mafuta ya kitani pande zote sita, pamoja na ncha, kabla ya kuzifunga, maana upande wa chini hautafikiwa tena na brashi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo yanafaa kutajwa, ingawa ni madogo. Kebini iliyokaa juu ya raba imetengwa na chesisi kwa umeme vilevile, na taa, honi na geji zote hutegemea chuma hicho kurudisha umeme kwenye hasi ya betri; hapo nilikuwa kwenye kazi yangu, nikafunga nyaya mbili nene za kusuka, moja kutoka kebini hadi chesisi na nyingine kutoka injini hadi chesisi, na taa hazijawahi kufifia. La pili ni vumbi. Anayeijua Nakuru wakati wa kiangazi anajua vumbi lake jepesi linaloingia hata penye uwazi wa sindano. Mipira ya milango inayozuia vumbi ina unene, na unene huo huusukuma mlango nje. Sisi tuliilinganisha milango ikiwa mitupu, tukapaka rangi, tukatia mipira, na milango yote miwili ikakataa kushika kitasa. Tukalazimika kulegeza bawaba zilizokwisha kupakwa rangi. Milango ilinganishwe ikiwa imevaa mipira yake, hata kama ni mipira ya zamani ya kujaribia.

Kuhusu karatasi, utambulisho wa gari unatokana na namba ya chesisi, kwa hiyo kisheria gari langu ni Hilux iliyobadilishwa bodi na rangi. Lilipitia ukaguzi, na mabadiliko hayo yakaandikishwa kwa NTSA, mamlaka ya Kenya ya usafiri na usalama barabarani. Mkaguzi alitumia muda mrefu chini ya gari kuliko juu yake, akigonga mabano kwa nyundo ndogo, na nilifarijika kwamba alikuwa akitazama mahali panapostahili.

Baada ya kilomita 500 za kwanza nilikaza tena bolti zote za kebini na bodi, kwani raba mpya hujipanga na kupungua kidogo, na bolti mbili za nyuma zilipokea karibu nusu mzunguko. Vipimo vyote nimeviandika kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa gereji, juu ya meza ya kazi, pamoja na tarehe zake. Kiangazi kilichopita, mwezi wa Februari, nilipima upya: mbao za mvule zimepungua milimita 2 kila moja na kanda bado zinazifunika, pengo la nyuma ya kebini ni milimita 30 kushoto na 29 kulia, na mlango wa kushoto unafunga kwa mlio uleule wa kulia. Mzee alikuwapo siku hiyo na lori lake. Alifungua mlango huo, akaufunga, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo tulioupiga nyundo, na kuniuliza kama ile alternata bado ina dhamana.